MSAADA ULIO KARIBU: MASHAURI NA MITAJI KWA GHARAMA NDOGO

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe na wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu katika siku hii ambayo Chama chetu chatimiza miaka kumi. Waliotangulia wamekwisha kueleza jinsi Chama kilivyoanzishwa, jinsi ghala lilivyojengwa, na jinsi kahawa yetu ilivyopata soko. Sina haja ya kuyarudia hayo. Nataka kusema juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika ajenda za mikutano yetu, nalo ni zile biashara ndogo ndogo ambazo karibu kila nyumba ya mwanachama inazo, na mahali ambapo mwenye biashara hiyo aweza kupata msaada bila malipo, au kwa malipo madogo, pasipo kwenda mbali.

Najua wako watakaouliza: Chama cha kahawa kina shauri gani na maandazi, asali, cherehani, au mashine ya kusaga? Swali hilo ni la haki, na lastahili kujibiwa kabla sijaendelea.

Kahawa huleta fedha mara moja kwa mwaka. Ada ya shule, dawa ya mtoto, mbolea na chumvi havingoji msimu. Ndipo mkulima aliyebanwa anapokwenda kwa mtu mwenye fedha, naye humwuzia kahawa ingali maua mtini, kwa bei ambayo mwenyewe asingeikubali kama angekuwa na nafasi ya kungoja. Kule Kagera desturi hiyo huitwa butura. Mbinga huijua kwa jina la magoma. Sisi sote hapa twaijua, hata kama hatuitaji kwa sauti. Kila gunia linalouzwa namna hiyo limepotea kwa mkulima, na limepotea kwa Chama pia. Maana Chama chaweza kuwa na ghala kubwa, mizani ya kweli na makarani waaminifu, lakini kisipopata kahawa si chama.

Basi ile biashara ndogo ya mwanachama, inayompa senti za kila juma, ndiyo inayomwezesha kuingoja kahawa yake ikomae. Hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii. Anayelinda kibanda cha mwanachama analinda ghala la Chama.

BEI YA FEDHA GHALI

Biashara nyingi za wanachama wetu hazifi kwa kukosa wanunuzi. Hufa kwa kulemewa na riba. Siku hizi wamezagaa watu na ofisi zinazokopesha upesi bila maswali mengi, na wananchi wenyewe wameipa mikopo hiyo jina linaloistahili: kausha damu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama mmoja anahitaji shilingi 300,000 kununua mashudu na vifaranga, naye anataka kuzirudisha kwa mkupuo baada ya miezi mitano. Akikopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi riba ni shilingi 60,000, na kwa miezi mitano ni 300,000. Atarudisha 600,000, yaani amenunua fedha kwa bei iliyo sawa na fedha zenyewe. Akikopa katika chama cha akiba na mikopo kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi, riba ni shilingi 4,500 kwa mwezi, na jumla yake ni 22,500. Na akiwa katika kikundi kilichopata mkopo usio na riba, atarudisha zile zile 300,000. Kuku ni wale wale, mama ni yule yule, banda ni lile lile. Tofauti ya shilingi 277,500 kati ya mkopo wa kwanza na wa pili imetokana na mlango aliobisha.

Nami nasema ya kwamba katika wilaya hii milango mizuri ipo. Tatizo letu ni kwamba hatuijui, au tunaiogopa, au tunakwenda mikono mitupu.

MILANGO YENYEWE

Mlango wa kwanza ni wenyewe kwa wenyewe. Katika kila chama cha msingi wako mafundi seremala, mafundi wa mashine, walimu wastaafu wajuao hesabu, na akina mama waliokwisha kujua kusindika matunda. Maarifa hayo hayauzwi dukani, nasi tunayo tayari. Mwanachama anayetaka kufuga nyuki ana haja gani ya kusafiri hadi mjini kuuliza, hali jirani yake ana mizinga arobaini? Kuuliza si ujinga. Na kwa upande wa fedha, chama cha akiba na mikopo, ambacho wengi hukiita SACCOS, kina fadhila ambayo haina mkopeshaji mwingine: riba unayolipa hubaki katika mfuko ambao wewe mwenyewe ni mmoja wa wenyewe.

Mlango wa pili ni Halmashauri ya Wilaya. Pale wako Afisa Biashara, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ushirika, na maafisa wa kilimo na mifugo. Na katika kata nyingi wako maafisa ugani na maafisa maendeleo ya jamii. Kutoa mashauri ni sehemu ya kazi wanayolipwa mshahara. Kumwuliza Afisa Mifugo sababu ya kuku kufa si kuomba hisani. Ni kutumia haki ambayo umekwisha kuilipia katika kodi na ushuru.

Halmashauri hiyo hiyo hutoa mikopo isiyo na riba. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yaziagiza halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili hiyo: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachoomba sharti kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, kiwe na akaunti ya benki, na kiwe na shughuli inayoeleweka. Maombi hupitia katika mfumo wa kompyuta; asiyejua kuutumia na amwendee Afisa Maendeleo ya Jamii. Wanaume waliovuka umri wa ujana na wasio na ulemavu, mlango huu si wao, nami nawaambia wazi wasipoteze siku zao kuubisha. Wao waelekee kwenye SACCOS.

Mlango wa tatu ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lina ofisi katika mikoa ya Tanzania Bara, na jirani yetu ni ile ya Mbeya. SIDO hufundisha usindikaji wa vyakula, utengenezaji wa sabuni, ufungashaji wa bidhaa na utunzaji wa hesabu. Hutoa mashauri juu ya mashine. Tena ina mikopo yake. Mafunzo mengine yana ada, lakini ada hiyo ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kununua mashine isiyofaa.

SIDO ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwenye kusindika asali au unga, akitaka alama ya ubora ya Shirika la Viwango, yaani TBS, huanza kwa kupata barua ya utambulisho kutoka SIDO, na wajasiriamali wadogo wanaopita njia hiyo wamewekewa nafuu ya gharama. Tangu mwaka 2019 TBS ndiyo inayosimamia pia usalama wa vyakula. Kwa hiyo mambo mawili yaliyokuwa katika ofisi mbili sasa yamo katika ofisi moja. Asali isiyo na alama huuzwa kando ya barabara. Yenye alama huingia katika maduka makubwa ya mjini. Nyuki hawakubadilika, ila bei imebadilika.

Mlango wa nne ni vituo vya utafiti. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumejaliwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo makao yake ni Lyamungu, Kilimanjaro, ina vituo Mbimba katika wilaya ya Mbozi, na Ugano katika wilaya ya Mbinga. Taasisi hiyo imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na huwafundisha wakulima kuzalisha miche kwa vikonyo. Hapa ndipo penye biashara ndogo iliyo karibu mno na Chama chetu: kikundi cha vijana chenye kitalu cha miche bora kina wanunuzi katika kila kijiji. Tena tunacho kituo cha Uyole, Mbeya, kilichotupa mbegu nyingi, yakiwemo maharage yajulikanayo kwa jina la Uyole Njano. Swali halitozwi ushuru katika vituo hivyo.

Tena kuna mahali ambapo milango hii yote hufunguliwa pamoja. Kila mwaka mwanzoni mwa Agosti, katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, maafisa wa mashirika, vituo vya utafiti na mabenki huketi katika mabanda wakingoja kuulizwa. Wengi wetu huenda kule kutazama ng'ombe wakubwa na kunywa soda. Hakuna ubaya. Lakini anayekwenda na maswali matano yaliyoandikwa katika karatasi atarudi na majibu ambayo yangemgharimu safari tano.

Mwisho nataja mlango wa kodi, ambao watu huukimbia. Namba ya mlipa kodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato bila malipo yoyote. Nawasihi mlishike neno hilo, kwa kuwa wako watu mjini, wenye kalamu sikioni na bahasha kwapani, wanaowatoza wakulima fedha ili wawapatie kitu ambacho ofisi hukitoa bure. Kabla ya kumlipa mtu yeyote ada ya fomu, ulizeni ofisini kwanza. Na mkilipa, daini stakabadhi. Asiyetoa stakabadhi hakupokea ada, amepokea zawadi.

Mtaona sikuyatanguliza mabenki. Mabenki yana kazi yake, na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwezi wa Aprili 2025 ni jambo ambalo wanaushirika wa nchi hii walilitamani kwa muda mrefu. Lakini benki ni mlango wa mtu aliyekwisha kujua hesabu za biashara yake. Mwenye kuanza na atumie kwanza kilicho bure, kisha kilicho rahisi, ndipo aende penye riba.

UFUNGUO WA MILANGO

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Milango hii yote, pamoja na kutofautiana kwake, hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Afisa Maendeleo atauliza: kikundi chenu chauza kiasi gani kwa mwezi? SIDO watauliza: gharama zenu ni zipi? SACCOS watauliza: utalipa kutoka wapi? Majibu ya maswali hayo hayatoki kichwani. Hutoka katika daftari. Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, nao walisema kweli.

Daftari halihitaji elimu kubwa. Piga mistari upate safu tatu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka kwa biashara, na fedha zilizokwenda nyumbani. Hiyo safu ya tatu ndiyo ambayo watu huiacha, nayo ndiyo inayoua.

Tumfikirie mwuza maandazi mwenye mtaji wa shilingi 60,000. Kwa siku huuza ya 24,000. Unga, sukari, mafuta na kuni ni 19,500. Zabaki 4,500. Lakini jioni huchukua 5,000 za mboga na mahitaji ya watoto, kwa kuwa mkononi aona fedha nyingi. Kila siku anakula mtaji wake shilingi 500. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni 13,000. Kabla ya miezi mitano kwisha mtaji wote umeliwa, naye atasema amelogwa, au wanunuzi wamehama. Hakulogwa na mtu. Angekuwa na daftari angeliona pengo katika juma la kwanza, akapunguza 500 za nyumbani, au akakaanga maandazi kumi zaidi, na leo angekuwa bado sokoni. Wala asingehitaji mkopo wa mtu yeyote.

Daftari hilo hugharimu pungufu ya bei ya soda mbili. Katika misaada yote niliyoitaja, hakuna iliyo rahisi kupita hiyo.

MAONYO MAWILI

Nisingekuwa mkweli kama ningewaacha mkidhani ya kuwa kila kitu cha bure ni chepesi. Onyo la kwanza: msaada wa bure hulipiwa kwa muda na kwa subira. Afisa mmoja huhudumia vijiji vingi, na pengine pikipiki yake haina mafuta. Kikundi chaweza kwenda ofisini mara tatu kabla ya kumaliza shughuli yake. Kwa hiyo msipeleke watu kumi kuuliza swali moja. Mchagueni mmoja, mchangieni nauli, naye aulize kwa niaba ya wote na kuleta taarifa.

Onyo la pili ni zito zaidi. Mkopo usio na riba ni mkopo. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimesema mara nyingi juu ya vikundi vilivyochukua fedha za halmashauri visivyorudisha; vingine vilitawanyika siku fedha zilipogawanywa. Walioumia ni kikundi kilichokuwa nyuma yao katika foleni, maana fedha hizo ni za kuzunguka. Dawa ya deni ni kulipa, na kikundi cha wanachama wetu kisicholipa kinafunga mlango kwa binti wa jirani.

WAJIBU WA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, nimewaambia wanachama wajibu wao. Sasa naomba ruhusa niseme wajibu wetu sisi viongozi.

Ushirika haukuzaliwa kwa ajili ya kupima mazao tu. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi wa Desemba 1844, walikuwa maskini, nao baadaye wakatenga mbili na nusu katika kila mia ya faida yao kwa ajili ya elimu ya wanachama, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea. Hapa kwetu, wakulima wa Kilimanjaro waliounda chama chao mwaka 1925, ambacho nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1933 na Chama Kikuu cha KNCU, walijua kwamba anayetaka kulinda zao sharti amlinde mkulima. Na Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa Moshi mwaka 1963, ambacho sasa ni Chuo Kikuu, kilifunguliwa kwa sababu taifa changa liliona ya kuwa ushirika usio na elimu ni nyumba isiyo na nguzo.

Kwa ajili hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya Mkutano Mkuu.

La kwanza, siku moja kila juma, nayo iwe siku ya gulio, ofisi ya Chama iwe na meza ya mashauri. Karani mmoja aketi pale, awe na fomu, anwani za ofisi zote nilizozitaja, na masharti ya kila moja. Mwanachama aliyekuja kuuza mboga apite aulize, arudi kwake na jibu. Meza tunayo, karani tunaye.

La pili, kila chama cha msingi kichague mtu mmoja, mwanamke au kijana ajuaye hesabu, afundishwe utunzaji wa daftari kwa siku mbili, kisha awafundishe wengine kijijini kwake. Tuwaombe Afisa Ushirika na SIDO watusaidie kufundisha. Sisi tutoe chakula na mahali pa kulala.

La tatu, katika ziada ya mwaka huu, baada ya kutimiza yale yanayotakiwa na sheria, Mkutano Mkuu utenge fungu dogo la elimu, na matumizi yake yasomwe mbele ya wanachama kila mwaka kama yasomwavyo mapato ya kahawa. Sitaji kiasi, kiasi ni shauri la Mkutano. Lakini nasema kwamba fungu lisilosomwa hadharani halina faida, nami ningependa kuona halitengwi kabisa kuliko kuona limetengwa na kupotea.

Wako wajumbe watakaosema fedha hizo ni afadhali ziongezwe katika malipo ya kahawa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mkulima ana haki ya jasho lake. Lakini tuihesabu. Fedha hizo zikigawanywa kwa wanachama wote, kila mmoja atapata bei ya kilo moja mbili za sukari, nayo italiwa kwa juma moja. Zikitumika kuwaepusha hata wanachama wachache na kausha damu, gunia zao za kahawa zitakuja katika mizani yetu badala ya kwenda kwa mnunuzi wa usiku, na faida yake itarudi kwetu sote.

Mabibi na mabwana, miaka kumi si mingi katika maisha ya chama. Wazee wetu waliona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976, wakaona sheria ya kuvirudisha mwaka 1982, nao wanajua ya kwamba kinachokiweka chama hai si jengo wala muhuri, bali ni mwanachama anayeona ya kuwa Chama kinamfaa siku za dhiki kama kinavyomfaa siku za mavuno. Siku ya mavuno kila mtu ana rafiki. Siku ya Januari, kahawa ingali kijani na karo inadaiwa, ndiyo siku ya kujua kama mkulima ana Chama.

Nawaomba mtakaporudi majumbani, kila mmoja anunue daftari, na kila kikundi kichague mlango mmoja tu kati ya hiyo niliyoitaja na kuubisha kabla ya mwezi huu kwisha.